Nani hasa hukokotoa njia za setilaiti za GPS?

Watu wengi huamini kwamba kila kitu cha GPS hutoka jeshini Marekani. Setilaiti zenyewe ni zao, hilo halina ubishi. Ila mahali ambapo setilaiti hujitangaza kwamba ipo huwa na kosa la takriban mita moja, na mpima ardhi anayetaka sentimita hawezi kuridhika. Yeye hutafuta hesabu za njia za setilaiti kutoka IGS, huduma ya kimataifa iliyoanza rasmi Januari 1994, isiyotoza hata senti.

Ofisi yake kuu, huko California, huratibu tu. Bodi ndiyo huongoza. Taasisi zaidi ya 200 hujitolea, kila moja kwa fedha zake. Antena ya Malindi, kwa mfano, ni ya shirika la anga la Ulaya: hupokea mawimbi usiku na mchana, na data zikaenda kwenye hifadhi zilizo wazi kwa wote. Vituo vya uchambuzi, kama cha Bern, Uswisi, na cha Potsdam, Ujerumani, hukokotoa njia hizo kila kimoja kivyake, kisha mratibu huoanisha majibu. Linalopishana mno na mengine hupewa uzito mdogo. Kwangu, kukaguana huku kunalinda ubora kuliko amri yoyote. Hesabu za mwisho hutoka baada ya wiki mbili hivi, zikiwa na kosa la sentimita mbili au tatu.