Uliiokota wapi? Kwa kijana wa Tabora anayetaka kusomea akiolojia

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kidato cha sita alikuja nyumbani jioni, mvua imeshakatika. Hodi, shikamoo mwalimu, akakaa. Akafungua leso, ndani yake sarafu: heller 20 ya Mjerumani, ina taji, mwaka 1916 na herufi T. (Neno letu "hela" limezaliwa na sarafu za namna hii.) Ilikuwa inang'aa kama ya jana, kwa sababu aliisugua kwa majivu na ndimu.

"Mwalimu, hii inaweza kuuzwa shilingi ngapi?"

"Uliiokota wapi?"

"Kule."

"Kule wapi?"

"Shambani kwa babu, njia ya kwenda Kwihara. Lakini sikumbuki vizuri ni upande gani."

Kisha akaniambia shida iliyomleta: anataka kusomea akiolojia, na nyumbani wanamcheka. Nilimjibu kwa kirefu, na kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza, nayaandika hapa.

Tuanze na ile T. Ni T ya Tabora. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, manowari za Uingereza zilizuia njia ya bahari na fedha kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Wajerumani wakaanza kugonga sarafu zao wenyewe hapahapa, kwenye karakana ya reli. Nyingi zilikuwa za shaba, na chache zilikuwa za dhahabu, kila moja ya thamani ya rupia 15, dhahabu yenyewe ikitoka mgodi wa Sekenke. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia mjini. Ukijua hayo, utaelewa kwa nini hapa kwetu ukionekana na jembe karibu na jengo lolote la zamani, watu wanaamini unatafuta rupia. Mimi nimeshaletewa "ramani za Mjerumani" tatu, usiku, na watu wanaotaka tugawane nusu kwa nusu. Zote tatu zimechorwa kwa kalamu ya Bic.

Kijana aliuliza bei, mimi nikauliza mahali. Sarafu iliyoko kwenye leso hainiambii kitu ambacho vitabu havijaniambia. Lakini sarafu hiyohiyo ningeikuta chini ya sakafu ya udongo iliyoshindiliwa, haijaguswa, ningejua kwamba sakafu ile haikuwekwa kabla ya 1916, na kila kilicho juu yake ni cha baadaye zaidi. Kipande kimoja cha shaba kingeipa nyumba nzima tarehe. Sasa hakiwezi tena. Nilimwambia hivyo kwa upole, akaitazama sarafu yake kama mtu aliyevunja chungu cha mama.

Kigoma kuna mfano ninaoupenda kuliko yote. Ukisoma historia ya magharibi mwa nchi yetu katika maandishi ya wageni, inaanza na misafara: Burton na Speke kufika Ujiji mwaka 1858, Stanley kumkuta Livingstone palepale mwaka 1871, na wawili hao kuja mpaka Kwihara mwaka uliofuata. Kana kwamba kabla ya hapo tulikuwa tumelala. Mwaka 1967 watafiti John Sutton na Andrew Roberts walichimba Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi. Mkaa uliopimwa ukaonyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi pale tangu karne ya 5 au ya 6. Zaidi ya miaka 1,200 kabla ya mgeni wa kwanza kuandika neno "Uvinza" kwenye daftari! Habari hiyo haikutoka kwenye hazina yoyote. Ilitoka kwenye vigae vya vyungu na mkaa wa jikoni.

Haya, shule. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia tangu miaka ya 1980, na shahada ya kwanza ni miaka mitatu. Wengi tunaingia kwa tahasusi za sanaa, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) na nyinginezo, na Historia na Jiografia zinasaidia kweli. Ila usidharau sayansi. Mifupa ya wanyama ni Biolojia. Kupima umri wa mkaa kwa kaboni 14 ni Kemia na Fizikia: kaboni hiyo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na maabara huhesabu iliyobaki. Mtu wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) anayependa historia ningemchukua mbiombio. Kiingereza utakihitaji kwa kusoma, Kiswahili kwa kazi. Na kwa huku kwetu, ukijua Kinyamwezi au Kiha umeshawatangulia wenzako, kwa sababu mzee anayejua tanuri za chuma zilikuwa kilima gani hatakueleza kwa lugha ya semina.

Darasani utasoma nadharia, na sitakuchosha nazo. Kazi unaifunzwa kwenye mafunzo ya uwandani. Vifaa vyetu ni vya fundi mwashi: mwiko, timazi, pimamaji, futi, kamba na misumari. Unapima mraba, mara nyingi mita moja kwa moja, unakwangua sentimita kumi kumi au kwa kufuata rangi ya udongo inapobadilika. Huchimbi, unakwangua. Udongo wote unaingia kwenye ndoo, ndoo inakwenda kwenye chekeche, na hapo ndipo shanga ndogo kama punje ya mtama zinaonekana. Vigae unaviosha kwa mswaki. Mkaa hauoshwi wala haushikwi kwa vidole. Kila mfuko unapata kitambulisho: eneo, mraba, tabaka, tarehe.

Hicho kitambulisho ndicho kilichonitoa machozi mwaka wa pili. Jua lilikuwa kali, nikafungua mifuko miwili kwa pamoja ili nimalize haraka. Upepo ukavuta karatasi zote mbili. Nilikuwa na vigae zaidi ya mia, vizuri, vyenye nakshi, na sikujua kipi ni cha tabaka la tatu na kipi ni cha tabaka la tano. Msimamizi hakunigombeza. Alichukua kalamu, akaandika kwenye mifuko yote miwili "mahali hapajulikani", akaendelea na kazi. Afadhali angenigombeza.

Ajira? Sitakudanganya. Nafasi za kudumu ni chache: Idara ya Mambo ya Kale, Makumbusho ya Taifa, vyuo, na halmashauri chache zinazoona umuhimu wa afisa mwenye taaluma hii. Wengi wetu tunaishi kwa mikataba mifupi ya kukagua maeneo kabla ya miradi mikubwa. Fikiria reli ya kisasa, au bomba la mafuta ghafi linalopita Nzega na Igunga: kabla greda halijapita, mtu anatakiwa atembee kwa miguu aone kuna makaburi, mavi ya chuma (mabaki ya kuyeyusha chuma) au vijiji vya zamani. Mkataba ukiisha, unarudi nyumbani kulima au kufundisha tuisheni. Anayetaka mshahara wa kila tarehe 25 atafute kwingine, wala simlaumu.

Jambo moja usilifanye hata kwa hamu ya kujifunza: usichimbe peke yako. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali. Lakini kuangalia hakuhitaji kibali. Tembea baada ya mvua, maji yakishaosha njia. Ukiona kigae, kiache, piga picha, andika kilipo, kitolee taarifa.

Kijana aliondoka na sarafu yake bila kusema mengi, nikajua nimempoteza. Jumamosi iliyopita akarudi, safari hii mikono mitupu ila karatasi moja ya daftari la mistari. Alikuwa amekwenda na babu yake shambani, wamepatafuta mpaka wakapakumbuka. Amechora mwembe, njia, mfereji, na hatua 46 kutoka mwembe hadi alama ya msalaba. Pembeni akaandika: "udongo mwekundu, hapa mweusi kidogo".

Kaskazini alikuwa ameiweka kusini. Tukatoka nje nikamwonyesha jua linazama upande gani, akafuta, akaanza upya.