Je, wajua kwa nini baiskeli ya ndani hukulowesha kuliko ya barabarani?

Tanga mjini hakuna mlima wa kumtesa mwendesha baiskeli. Kuanzia barabara za namba za Ngamiani mpaka Raskazone, mtu hunyonga nusu saa akafika anakokwenda shati limelowa kidogo tu mgongoni. Mpandishe mtu huyohuyo kwenye baiskeli iliyofungwa kwenye stendi ya mazoezi sebuleni, anyonge kwa nguvu zilezile: dakika 20 hazijaisha, sakafu imeshatota. Wengi huilaumu stendi. Ina sehemu yake, lakini mkosaji mkubwa ni hewa ya chumba.

Katika kila sehemu 4 za nishati ambazo mwili unachoma, karibu 1 tu ndiyo hufika kwenye pedeli. Zilizobaki ni joto. Anayenyonga kwa wati 150, kiwango cha kawaida kwa mtu mwenye mazoezi, anazalisha joto la wati 450 hivi, na joto hilo lazima lipate pa kutokea. Ngozi ina nyuzi 34 au 35. Msimu wa kaskazi, hewa ya mchana hapa Tanga hufika nyuzi 32. Kwa tofauti ndogo kama hiyo hewa haichukui joto la maana, basi karibu mzigo wote unaliangukia jasho.

Jasho nalo hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Lita 1 ikikauka huondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi, kwa hiyo wati 450 zinahitaji karibu lita 0.7 zikauke kila saa. Tone linalodondoka sakafuni limepotea bure. Mwili ukiona haupoi hauna akili nyingine ila kutoa jasho zaidi, na moyo unaongeza mapigo ili kupeleka damu kwenye ngozi. Ndiyo maana dakika ya 40 inakuwa nzito kuliko ya 10 hata kama hujaongeza kasi.

Barabarani, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, unajitengenezea upepo wa mita 8 kwa sekunde unaofagia unyevu ngozini muda wote. Ndani hakuna. Tena chumba chenyewe hujaa. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 3: ni mita za ujazo 27. Hewa ya nyuzi 30 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo chumba kizima kinaishia gramu 810. Siku ya fukuto, unyevu ukiwa asilimia 75, hewa hiyo imeshabeba gramu 600 kabla hujapanda baiskeli. Nafasi iliyobaki ni gramu 200, yaani glasi moja ya maji. Kwa wati 150 glasi hiyo unaijaza kabla ya dakika 20. Nyumba ina mianya, sawa, lakini ukifunga madirisha ili majirani wasisikie ngurumo ya stendi, hesabu inakaribia hapohapo.

Kwa hiyo feni peke yake ndani ya chumba kilichofungwa inazungusha mvuke wako mwenyewe. Fungua madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango. Weka feni ya kusimama ikiupa mgongo upande ambao upepo unaingilia, mita 1 hadi 1.5 mbele ya usukani, kichwa chake kikielekea kifuani. Pangaboi la darini halitoshi: linapiga utosi na mgongo, huku kifua na mapaja yanabaki yanachemka. Ukiwa na feni mbili, ya pili iweke ubavuni. Washa zote kabla ya kuanza. Ukingoja mpaka ulowe umeshachelewa. Mwenye kiyoyozi amepata nafuu, kwa sababu kinakamua unyevu hewani, lakini naye bado anahitaji feni mbele yake.

Kuhusu saa ya mazoezi, asilimia ya unyevu isikudanganye. Alfajiri inaweza kusoma 90 na mchana 65, ukadhani mchana ni mkavu. Hewa ya nyuzi 24 yenye asilimia 90 ina mvuke mchache kuliko ya nyuzi 32 yenye asilimia 65, na jasho linakauka vizuri zaidi kwenye ile ya kwanza. Saa 11 alfajiri inaishinda saa 8 mchana kwa mbali.

Sasa stendi. Barabarani kuna mteremko, kuna kona, kuna bajaji ya kukusimamisha; miguu inaiba mapumziko bila wewe kujua. Kwenye stendi ukiacha kunyonga, gurudumu linasimama mara moja. Stendi nyepesi ina gurudumu dogo la uzito lisilohifadhi mwendo, hivyo kila nusu mzunguko unausukuma upya. Baiskeli pia haiyumbi chini yako, uzito wote unakaa sehemu ileile ya tandiko. Simama kwenye pedeli nusu dakika kila baada ya dakika 10.

Stendi ya kawaida inabana ekseli ya nyuma na kugandamiza rola kwenye tairi. Baiskeli zetu nyingi za inchi 28 zina ekseli ya nati, wakati vikombe vya stendi vimetengenezwa kwa ekseli ya kufungua kwa mkono. Tafuta nati maalumu zenye kofia zinazoingia kwenye vikombe hivyo. Ukibana nati ya kawaida baiskeli itachomoka ukisimama. Toa karia na madigadi ya nyuma kama vinagusa fremu ya stendi au rola. Jaza upepo mpaka namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, sogeza rola mpaka liguse, kisha kaza mizunguko 2. Lishike rola kwa mkono na ujaribu kulizungusha huku gurudumu limezuiwa: likiteleza, ongeza nusu mzunguko. Rola likilegea linaunguza mpira, utaona vumbi jeusi na harufu. Likikazwa kupita kiasi tairi linapata moto na kuisha upesi. Tairi la meno halifai kabisa hapa. Ukimaliza, legeza rola, usiliache limebana usiku kucha. Chini weka mpira, si mkeka wa ukindu: unateleza na kunywa jasho. Stendi ya kuchomelea inayoinua gurudumu hewani tu haina mzigo wowote, itazungusha miguu basi.

Jasho lisilokauka lazima liende mahali, na mahali penyewe ni chuma. Linadondoka kwenye shingo ya usukani, linaingia kwenye bolti zake na chini ya utepe wa mikononi. Chumvi hiyo inatoboa hata alumini, na kwa mji ambao upepo wa bahari tayari una chumvi, kutu haikawii. Tandaza taulo kutoka usukani hadi chini ya tandiko. Ukishuka, futa baiskeli kwa kitambaa chenye maji baridi, kausha, pitisha oili kidogo kwenye vichwa vya bolti, mbali na breki. Kila miezi 3 mwambie fundi afungue bolti za shingo, apake grisi na kukaza upya. Bolti iliyoganda kwa chumvi hukatikia ndani, na kuitoa ni gharama kuliko grisi ya mwaka mzima.

Cha kunywa: jipime kabla na baada ya mazoezi bila nguo zilizolowa. Kila kilo 1 iliyopungua ni karibu lita 1 ya kurudisha; ukijumlisha na ulichokunywa ukiwa juu ya baiskeli, unapata jasho lote lililokutoka. Dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho linaondoka na sodiamu. Ongeza robo kijiko cha chai cha chumvi kwa kila lita ya maji.

Mwenye gari la familia ana njia nyingine: kuipeleka baiskeli kwenye hewa nyingine. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na joto hushuka karibu nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Kwenye Noah, kunja viti vya nyuma kabisa, toa gurudumu la mbele, na peleka mnyororo kwenye gia kubwa ya nyuma ili kibadilisha gia kijifiche ndani. Ilaze baiskeli upande wa kushoto, mnyororo juu. Kama breki ni za diski za mafuta, weka kadibodi kati ya pedi; mtoto akiminya mkono wa breki bila hiyo, pedi zitafungana na gurudumu halitaingia mkifika. Funga mkanda kwenye fremu, usifunge kwenye rimu. Wanaopakia juu ya paa wakumbuke kwamba gari na baiskeli vinakaribia mita 3, na baadhi ya mageti ya nyumba za wageni ni mafupi kuliko hapo.