"Ya asili haiharibiki," na mengine yanayonichosha

Juzi mteja kanifungulia kopo la kapsuli za dondoo ya mlonge alizojaza mwenyewe miezi 3 nyuma. Zimegandana kama tende, chini ya kopo kuna utelezi wa kahawia. "Dokta, makapsuli haya ni feki." Dawa yenyewe, kwa maelezo yake, haina tatizo: ni ya asili, haina kemikali, itaharibikaje?

Kemikali inazo, tena ndizo zinazotibu! Bila hizo unauza majani makavu. Ukishachuma, ukachemsha na kukausha, umeziacha mikononi mwa hewa, mwanga, joto na maji. Dondoo kavu ina taabu kuliko jani, maana sukari za mmea zimekolea humo na zinavuta unyevu vibaya sana. Ganda la gelatini lina maji asilimia 13 hadi 16. Unga ukiyanyonya, ganda linakauka na kupasuka. Kopo likifunguliwa kila siku Dar es Salaam wakati wa masika, unga unavuta maji ya hewani mpaka ganda linalainika. Ganda halina kosa hapo.

Kausha dondoo hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 5, changanya na maltodekstrini (unga wa wanga) na silika kidogo ili usigandane, jazia kwenye chumba kikavu, kisha funga chupa ya kukaza pamoja na vile vipakiti tunavyovikuta kwenye viatu vipya. Na nunua kipima unyevu cha ukutani, jamani. Nimesema mpaka basi. Bei yake haifikii hata kopo chache ulizotupa.

Halafu jaribu uimara: miezi 6 kwenye nyuzi joto 40 na unyevu wa asilimia 75, huku sampuli nyingine zikikaa katika hali ya kawaida kwa muda wote unaotaka kuuandika kuwa ndio mwisho wa matumizi. Ile "miaka 2" uliyonakili kwenye boksi la mwenzako ni ya dawa ya mwenzako.

Wengine wanaamini dawa ikichemshwa sana ndiyo inakolea. Pakanga, mmea wenye artemisinini inayotibu malaria, ilimsumbua mtafiti Tu Youyou wa China hadi mwaka 1971, alipoacha joto kali lililokuwa likiiharibu dawa na kutumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi. Artemisinini yenyewe haipendi maji, huyeyuka humo kidogo mno.

Asali je, si haiozi? Haiozi kwa sababu maji yake hayafiki asilimia 20. Ukiimiminia supu ya mizizi, chachu iliyolala humo inaamka, na siku moja kizibo kinaruka dukani. Sirapu uliyoizimua ni hadithi ileile.

Benzoeti, ile kemikali ya kuzuia dawa isioze, nayo inalinda dawa yenye uchachu tu. pH (kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu unapungua) ikipita 5 ni kama hujaweka kitu. Pima kwanza.

Na mashapo ya chini mnayoyaita "nguvu ya dawa"? Huenda ni kweli, na hapo ndipo penye balaa. Yasipotawanyika vizuri, kijiko cha kwanza ni maji ya rangi, cha mwisho ni dozi ya siku kadhaa kwa mkupuo.