Watu Walikuwa Wanajaa, Sasa Mbona Mgahawa Umefungwa?

Juzi nimeambiwa tena. Mama mmoja mwenye hoteli ndogo Chikongola alikaa mbele yangu, daftari lake limelowa mafuta ya kula, akasema: "Mwalimu, watu walikuwa wanajaa mpaka wengine wanakula wamesimama. Hela sizioni. Hii ni chuma ulete, hakuna kingine." Yaani uchawi wa kuvuta hela za watu. Nikamhesabu kimoyomoyo: huyu wa nne tangu Ramadhani iishe. Kazi yangu ni kuwawekea hesabu mama lishe na wenye migahawa hapa Mtwara mjini, na kabla ya hapo nilikuwa mpishi. Kumjibu mmoja mmoja nimechoka, basi maneno ninayoambiwa nayaandika hapa, na majibu yangu.

"Watu walijaa, basi faida ilikuwepo"

Hii ndiyo inayonitoa jasho kuliko zote. Watu kujaa ni mauzo. Faida ni kitu kingine, na huwezi kuiona kwa kuhesabu viti.

Chukua mfano. Hoteli inauza wali samaki kwa shilingi 3,000, sahani 80 kwa siku. Droo inapata 240,000, na hizo ndizo mwenye hoteli anazolala nazo kichwani. Sasa toa. Mchele kilo 12, 30,000. Samaki wa 1,200 kwa kila sahani, 96,000. Nazi 10,000. Mafuta, nyanya, vitunguu, ndimu, maharage na mchicha, 35,000. Mkaa 15,000. Tumeshafika 186,000, imebaki 54,000. Wasaidizi wanne wa 7,000 kila mmoja, inabaki 26,000. Pango la 200,000 kwa mwezi, ukiligawa kwa siku 26 za kazi, linakula kama 7,700. Umeme, maji, leseni, sahani zinazovunjika, weka 5,300. Mkononi umebaki na 13,000.

Halafu kuna daftari la mkopo. Fundi wa pikipiki wa ng'ambo ya barabara, mwalimu anayesubiri mshahara, shemeji. Watu watano tu kwa siku wakila kwa "andika", ni 15,000. Siku hiyo umepata hasara ya 2,000 na hoteli ilikuwa imejaa pomoni. Wangekuja watu 100, nao wakakopa kwa kiwango hichohicho, bado ungebaki na kidogo sana.

Wateja wangu hapo hunikatiza: "Lakini mwalimu, mwezi wa pili hela ilikuwa inabaki." Ndiyo, ilibaki, kwa sababu samaki alikuwa rahisi. Kusi ikianza kupuliza, bahari inachafuka, mitumbwi mingi inashindwa kutoka, na kolekole wa pale Feri, kwenye soko la samaki, anapanda bei. Wewe bei ya sahani yako umeiandika ukutani kwa rangi ya mafuta, haipandi wala haishuki. Kinachofanya kazi ya kusawazisha ni kisu cha mpishi, na hapo ndipo nilipomkuta chuma ulete kwa macho yangu. Kolekole wa ukubwa uleule, Jumatatu alitoa vipande kumi, Jumatano saba, maana Jumatano aliyekuwa zamu ni mpwa wa mwenye hoteli, na mpwa ana rafiki wengi.

Ushauri wangu wa siku zote, na najua wanaucheka: nunua mizani. Nenda nayo Feri, pima samaki pale pale, mpime tena jikoni akishakatwa. Mchele upimwe kwa kikombe kimoja, kisibadilishwe hata kikipasuka mdomo. Mwenye hoteli akipima kwa wiki mbili, neno chuma ulete hulisikii tena kinywani mwake. Anaanza kusema majina ya watu.

"Mji ulikufa gesi ilipopelekwa Dar"

Bomba la gesi lilikamilika mwaka 2015, makandarasi wakaondoka, na ni kweli migahawa iliyowategemea wageni kule Shangani iliumia. Sibishi. Lakini hoteli ninazoziona zikifungwa leo zilifunguliwa miaka mingi baada ya hapo. Hazijawahi kumpikia mtu wa gesi hata chai.

Hela ya Kusini inakuja kwa zao. Ufuta kwenye mwezi wa sita, mbaazi zinafuata, kisha minada ya korosho kuanzia Oktoba. Mtu anafungua hoteli Novemba, mji umechangamka, kila mtu kalipwa, naye analipa pango la miezi sita kwa mkupuo. Mpaka Januari anajiona tajiri. Ikifika Aprili mvua zinanyesha na mifuko imekauka, mwenye nyumba anataka miezi sita mingine. Ndiyo maana nawaambia wafungue Februari. Sahani inayoweza kusimama Februari, Novemba itajisimamia yenyewe. Hakuna aliyewahi kunisikiliza.

"Ukiongeza vyakula, wateja wanaongezeka"

Ubao una vyakula 22, ukiagiza unaambiwa "kimeisha" mara tano. Vilivyopikwa visiponunuliwa vinaenda kwa kuku. Vitano vinatosha. Tuendelee.

"Wavietnamu wamejaa msimu wa korosho, tuwafungulie mgahawa wao"

Hii imetoka kwa kijana wa yule mama wa Chikongola, na siyo mara ya kwanza kuisikia. Chanzo chake nakielewa: Vietnam ndiyo nchi inayoongoza kuuza nje korosho zilizobanguliwa, na inanunua korosho ghafi nyingi Afrika, zetu zikiwemo. Halotel, ile kampuni ya simu, nayo ni ya Viettel, kampuni ya huko. Kwa hiyo jina la Vietnam Mtwara si geni.

Ila korosho kwenda Vietnam haina maana mnunuzi anakaa hapa akitafuta chakula cha mchana. Tangu msimu wa 2024/2025 minada inaendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa, TMX, na mtu anaweza kuweka bei akiwa mbali. Na anayekuja, anakaa siku chache. Huwezi kulipa pango la mwaka kwa tumbo la mtu wa siku chache.

Kinyume chake kuna wenyeji, na wengi wao ni waliokula chakula hicho Dar au safarini, wanaoniuliza wapi watakipata karibu. Mimi katika mitaa ninayozunguka sijaona bango la mgahawa wa Kivietnamu. Jibu langu ni kwamba mpishi wa supu yuko kila mtaa, na nusu ya kazi anaijua tayari.

Hapo hunijia maneno mengine matatu. Kwamba ni chakula cha Kichina tu: wamepakana na wameazimana mengi, lakini jiko la Vietnam linasimama juu ya maji ya samaki, yaani samaki wa jamii ya dagaa mchele waliolazwa kwenye chumvi kwa miezi mpaka wakatoa mchuzi, na juu ya majani mabichi kwa wingi. Mkate wao, bánh mì, umetokana na Wafaransa waliowatawala. Kwamba kina pilipili ya kutoa machozi: pilipili mara nyingi huwekwa pembeni, unajikatia mwenyewe. Na kwamba lazima kuwe na nguruwe: phở, ile supu yao maarufu, ni ya ng'ombe au ya kuku.

Phở ni supu ya asubuhi, kama sisi na chapati. Mifupa ya ng'ombe inachemshwa taratibu kwa masaa mengi, povu linaenguliwa. Tangawizi na vitunguu vinachomwa kwanza juu ya moto mpaka viungue nje, ndipo vinaingia sufuriani pamoja na mdalasini, karafuu na kile kiungo chenye umbo la nyota. Tambi za mchele zinawekwa kwenye bakuli, nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi juu yake, halafu supu inayotokota inamwagwa na kuiivisha hapo hapo. Kotmiri, ndimu, pilipili. Ukitoa tambi, ile nyota na maji ya samaki, vingine vyote viko Soko Kuu. Tambi za mchele ndizo zitakazokutia hasara kama utaagiza katoni nzima kutoka Dar kabla hujajua nani anakula. Anza na pakiti mbili.

Nilimwambia yule mama hivyo hivyo: usifungue mgahawa mpya, usiandike ubao, pika sufuria moja Jumamosi asubuhi pembeni ya supu yako ya kawaida, uza 4,000 bakuli. Akapika mabakuli 20. Kijana wake akasimama mlangoni akiita watu kama kondakta.

Mchana akanipigia simu, furaha imemjaa: "Mwalimu, yote yameisha!" Nikamuuliza mangapi yamelipiwa. Kimya kidogo. Kumi na manne. Sita walikula ndugu waliokuja kuonja. Nikamwambia afungue daftari ayaandike yote sita, kwa majina.