Cc si listi

Wiki hii tena dada mmoja wa ushirika wetu hapa Bukavu ameniandikia: "Yaya, nitoe kwenye listi, simu yangu imejaa." Nimemjibu kwamba siwezi, kwa sababu listi haipo. Kilichopo ni barua pepe moja ambayo mtu aliwatumia watu 43 kwa kujaza anwani zetu kwenye Cc, ile nafasi ya kuwapa wengine nakala, na tangu siku ile kila mmoja anajibu wote. Kila mtu anaiita listi, na jina hilo linamfanya dada wa watu atafute mlango usiokuwapo.

Listi ya barua pepe ni anwani moja inayosimama badala ya watu wengi. Unaiandikia hiyo moja. Kompyuta inayoitunza inafungua daftari la wanachama na kumpelekea kila mmoja. Basi.

Cc ni kitu kingine, na jina lake linasema wazi. Wengi hapa wanaisoma kwa Kifaransa "copie conforme", yaani nakala iliyothibitishwa, maana tumezoea muhuri wa komine juu ya fotokopi ya diploma. Sivyo. Ni "copie carbone", nakala ya karboni. Shangazi yangu aliifanya kazi hiyo kwa mashine ya kuandikia, huko komine ya Kadutu hapa Bukavu: karatasi nyeupe, karboni, nyeupe, karboni, nyeupe. Alizigongagonga mezani zilingane, akaziingiza kwenye mashine, kisha akapiga kwa nguvu ili ya tatu isomeke. Hata hivyo ya tatu ilififia, na jioni ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi. Chini ya barua aliorodhesha waliopewa nakala, ili kila mpokeaji ajue nani mwingine anayo. Majina ya namna hiyo ndiyo tunayoyaweka leo kwenye Cc.

Sasa angalia. Nakala ya karboni ikishatoka, hakuna daftari linalobaki nyuma yake. Majina yamo ndani ya barua yenyewe, na kila aliyeipokea anayo yote. Dada yule akitaka kutoka, sisi 42 tuliobaki lazima tukumbuke kufuta anwani yake kila tunapojibu. Mmoja akiifufua barua ya miezi mitatu iliyopita, jina limerudi. (Cci ni nakala hiyohiyo, ila majina yamefichwa, nayo si listi.)

Listi zenyewe ziliwahi kutunzwa kwa mkono: ulimwandikia msimamizi, naye akakuongeza alipopata nafasi. Mwaka 1986 Éric Thomas, mwanafunzi huko Paris, aliandika programu ya LISTSERV iliyoikabidhi kompyuta kazi hiyo. Unatuma amri ya kujiunga, unaingia. Unatuma amri ya kuacha, umetoka, bila kumwomba mtu. Kwangu mimi listi ni hiyo: ile ambayo mtu anaweza kuiaga mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa ushirika, mkijaza anwani kwenye Cc, semeni "nimewapa nakala". Na wewe dada, usiniombe nikutoe. Waandikie wote mara moja: "Mkijibu, tafadhali futeni anwani yangu." Nami nitaanza kwa kuifuta kwenye jibu langu la leo.