Kulipia zahanati kwa mwezi au kukata bima? Maswali mnayoniulizaga

Mi ni tabibu, nipo zahanati huku Igoma, Mwanza, na siku hizi mtu akishapimwa presha anakaa tu hanyanyuki, kumbe ana swali la hela. Nimeyakusanya yale yanayojirudia.

Dokta shikamoo. Shemeji yangu yuko Texas, anasema bima kaachana nayo, analipa daktari dola 80 kila mwezi na anamuona muda wowote. Hicho ni kitu gani?

Marahaba. Ni uanachama wa daktari. Unamlipa daktari wako ada ya mwezi, uumwe usiumwe, na ada nyingi za kule zinacheza kati ya dola 50 na 100 kwa mtu mzima. Ukienda hulipii kumuona, unaweza hata kumtumia meseji usiku mtoto ana homa na akakujibu. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu hajazi makaratasi ya madai ya bima kutwa nzima, na anachukua wagonjwa mamia machache tu wakati daktari wa kawaida kule anabeba hata elfu mbili na zaidi.

Ila muulize shemeji kitu kimoja, usiku akianguka wakamkimbiza hospitali kubwa nani analipa? Maana zile dola 80 zinaishia mlangoni kwa daktari wake, kitanda cha hospitali, oparesheni, saratani, ajali, zote hazimo. Ndo maana hata madaktari wenyewe wa uanachama kule wanawaambiaga wateja wao shikilia na bima ya mambo makubwa pembeni.

Lakini kihesabu si uanachama ni rahisi mno? Dola 80 mara 12 ni 960 tu.

Ni rahisi kwa sababu unanunua kitu kidogo. Mwaka 2024 bima ya kazini Marekani ilikuwa wastani wa dola 8,951 kwa mtu mmoja na dola 25,572 kwa familia, kwa mwaka. Ukiweka 960 pembeni ya hiyo utasema hawa watu wanaibiwa. Ngoja kwanza. Sehemu kubwa ya hiyo hela analipa mwajiri, kwenye ile ya familia mfanyakazi alikuwa anatoa wastani wa dola 6,296. Halafu kuna kitu kinawachanganyaga watu, bima nyingi za kule hazianzi kulipa hadi wewe mwenyewe umetoa kiasi fulani mfukoni kwanza, kwa mtu mmoja kilikuwa wastani wa dola 1,787 mwaka huohuo. Kwa hiyo mtu ana kadi nzuri kabisa mfukoni na bado anaogopa kwenda hospitali kwa kikohozi maana anajua atalipa mwenyewe, na hapo ndo uanachama ulipopata soko.

Mwambie pia kwamba kuanzia Januari 2026 sheria yao inaruhusu mtu mwenye ile akaunti ya akiba ya matibabu isiyokatwa kodi atoe humo ada ya uanachama, mwisho dola 150 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Kama anayo na hajui, anapoteza.

Tuache Marekani. Huku mtaani kuna zahanati wanasema tulipe elfu 20 kwa mwezi familia ya watu wanne, kumuona daktari na vipimo vidogo bure. Niingie?

Hili swali kaniletea dada mmoja anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, na nilimpenda kwa sababu alikuja na daftari. Daftari lenyewe ni la madeni ya wateja, limejaa magamba, ila kurasa za nyuma kaandika kila alipokwenda hospitali na alilipa ngapi. Tukakaa tukajumlisha. Mwaka mzima walienda mara 7, jumla 96,000, na humo kuna malaria mara tatu na mtoto kutoboka mguu. Uanachama ungemla 240,000. Nikamwambia dada, hii siyo ya kwako.

Jirani yake sasa ni habari nyingine, mume ana sukari na presha, mtoto ana pumu, kila mwezi wako kliniki mara mbili na kila mara ni elfu 15 mpaka 20. Huyo uanachama unamrudishia hela na chenji inabaki, ilimradi dawa zimo. Hapo kwenye dawa uliza vizuri jamani, kumuona daktari bure halafu dawa unanunua nje ni nusu ya bure.

Kwa hiyo usiniulize mimi, liulize daftari. Kama hunalo kusanya risiti za mwaka mmoja, au kaeni na mama watoto mkumbushane, na yule mtoto wa chini ya miaka 5 na mama mjamzito msiwahesabu sana maana sera ya serikali inawasamehe malipo kwenye vituo vyake, japo dawa zikiisha huwaga mnajua kinachofuata.

Na CHF, ule mfuko wa afya ya jamii, je? Mbona ni rahisi kuliko hiyo?

CHF iliyoboreshwa, ile ya 2018, huku mikoani iliwekwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi 6. Yaani mwezi mmoja na nusu wa ile zahanati ya elfu 20, kwa mwaka mzima. Bei ya sasa kaulize kwa afisa mwandikishaji wa mtaa wako kabla hujatoa hela. Unaanzia zahanati, unapanda kwa rufaa, mwisho wake ni hospitali ya rufaa ya mkoa, hapa kwetu ni Sekou Toure. Bugando ni ya kanda, iko juu ya hapo, watu wanapanda kile kilima na kadi mkononi halafu wanashangaa.

Mwajiriwa aliye kwenye NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, anakatwa 3% ya mshahara na mwajiri anaweka 3%, inamhudumia yeye, mwenza na wategemezi wanne, na huyo Bugando anaingia akiwa na rufaa yake. Kama unakatwa tayari, uanachama wa mtaani ni wa kukwepa foleni tu, sawa na kulipa bodaboda wakati daladala ipo. Siyo dhambi, ila jua unachonunua.

Sasa kama vitu vidogo navimudu mfukoni, uanachama una faida gani?

Unakufanya uende mapema, basi. Kwa sisi wa ziwani hilo siyo dogo. Chukua kichocho. Kijana anavua, anaoga ziwani, anaona damu kwenye choo anasema itaisha, hana elfu 10 ya kupima au anayo ila anaona uchungu kuitoa. Tiba ni vidonge vya praziquantel, tunapiga hesabu kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, vinamezwa siku moja kazi imekwisha. Akiachia miaka na miaka ini linakakamaa, mishipa ya koo la chakula inavimba, siku moja anatapika damu beseni zima. Nimempokea mtu wa hivyo saa nane usiku kaletwa kwenye bajaji, shati lote limelowa. Hapo ni damu ya kuongezewa, ni kipimo cha kuingiza kamera tumboni, ni Bugando, na hakuna elfu 20 ya mwezi inayogusa huko.

Ukiwa umeshalipia unaenda hata kwa kitu kidogo, maana hela imeshatoka. Bima yenyewe ni kama jaketi la kujiokolea kwenye mtumbwi, halikuvulii hata sangara mmoja, ila siku ya dhoruba hakuna mbadala.

Nikiwa na uanachama bado natakiwa kuwa na bima?

Ndiyo. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita bungeni Novemba 2023 na inataka kila mkaazi awe na bima. Uanachama siyo bima. Na zahanati ikifunga biashara, hela yako unaidai kama mteja yeyote. Hata kule Marekani imetokea, Qliance ya Seattle ilikuwa kati ya walioanzisha mtindo huu, ikafunga 2017.

Wakinambia nilipe ya mwaka mzima wanipunguzie?

Lipa miezi mitatu kwanza. Nenda ukiwa na homa kweli, jumapili jioni, uone kama kuna mtu.