Kompresa haipandishi sauti jamani

Huku Dodoma kwenye studio za kurekodi kwaya utasikia sana "weka kompresa sauti ipande". Inaeleweka, maana ukiiwasha wimbo unajaa, ila yenyewe ni kifaa au programu ya kubana sauti, kazi yake ni kushusha pale palipozidi. Threshodi ndo mstari, sauti ikivuka inabanwa, reshio inasema ibanwe kiasi gani, yani kwenye 4:1 iliyovuka kwa desibeli 8 inatoka imevuka kwa 2 tu. Ataki ni wepesi wa kubana, rilisi wa kuachia (ataki fupi sana inaua ule mlio wa kiganja kwenye ngoma ya muheme, mi sipendi). Inayopandisha ni mekapu geini, ile sehemu ya kompresa ya kuongeza sauti ikishabanwa. Iweke sifuri, zima otomatiki kama ipo, afu washa na kuzima kompresa wakati solo anapaza, utamsikia anashuka.